Saa ya Mama Kwenye Mkono Wangu

Saa ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, imeviringishwa ndani ya kitenge kipya ili isigongwe, pamoja na simu ambayo dada yangu alikuwa ameacha kuitumia. Nilishuka kutoka Kamachumu hadi Bukoba kuupokea mzigo, nikaufungulia palepale kwenye benchi la ofisi ya mabasi. Sijawahi kuweza kubeba kitu mpaka nyumbani bila kujua kilichomo. Shule niliiacha darasa la sita, lakini sijaacha kufungua vitu: redio, pampu za maji, injini za boti. Saa ile haikuwa na skrubu hata moja. Niliigeuza, nikaona mgongoni mwake mwanga wa kijani unamulika na kuzimika. Nikakaa pale nikiutazama mpaka karani akaniuliza kama nasubiri mzigo mwingine.

Haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mama.

Miezi miwili kabla ya hapo Mama alianguka kibanjani akivuna maharage chini ya migomba. Mimi nilikuwa kisiwani Goziba, mwaka wa tatu, nikitengeneza injini na kuanika dagaa. Kabla ya Goziba nilipakia matofali Kashozi, na kabla ya Kashozi nilikuwa sehemu ambazo mwenyewe sizikumbuki kwa mpangilio. Dada alinipigia simu akiwa kazini, akaongea kwa ile sauti ya mtu anayejua wenzake wanamsikia.

"Sisi wengine tuna kazi na watoto. Wewe huna mke, huna kinachokushika. Utakaa na Mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka awe sawa."

Muuguzi wa kliniki alisema ni presha. Ameze dawa kila siku, apunguze chumvi, atembee. Hilo la kutembea ndilo lililomfanya dada anunue saa.

"Hatua elfu sita kwa siku," alinielekeza kwenye simu. "Nitaona huku."

"Utaonaje?"

"Saa inapeleka kwenye simu niliyokutumia, simu inaleta kwangu. Akitembea nitaona, akilala nitaona, moyo ukienda mbio nitaona."

"Na mimi utaniona?"

"Wewe nimekuona tangu ulipozaliwa."

Tukapatana. Mama akitembea elfu sita kila siku kwa miezi mitatu mfululizo, dada atatafuta binti wa kukaa naye, na mimi nitakwenda ninakotaka. Nilirudia maneno hayo mara mbili ili asije akayakana. Miezi mitatu niliweza kuivumilia. Niliwahi kukaa miezi mitatu sehemu mbaya zaidi ya nyumba ya mama yangu.

Siku ya kwanza Mama alivaa saa, akavuta mkono wa blauzi uifunike, tukatoka. Tulikwenda mpaka barabara kubwa, tukageuka. Tulipofika nyumbani nikatazama: hatua elfu moja na mia nane. Tukaenda tena. Safari ya tatu Mama alikuwa amezoea, akaongeza mwendo, mikono inaning'inia. Nilifurahi. Nilidhani kazi imekwisha kabla haijaanza.

Jioni walikuja wanawake wawili wa jirani, mmoja na mkungu wa ndizi kichwani, wakasimama uani wakitazama mlango. Baada yao akaja baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ambaye kibanja chake na chetu vimetenganishwa na mstari wa miti tu. Aliegemea fimbo yake akauliza neno moja.

"Nani?"

"Hakuna mtu, shemeji," Mama akasema.

"Umepita mara tatu mikono mitupu, tena mbiombio."

"Natembea tu."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Siendi popote. Binti yangu wa Dar es Salaam amesema nitembee."

Baba mdogo alinigeukia. "Na wewe," akasema, "umezunguka visiwa vyote hukuona kitu, sasa umekuja kumfundisha na mama yako."

Nilipaswa kujua. Kwetu mwanamke wa umri wake akitoka kibanjani, mikono yake inasema anakokwenda. Akiwa na kikapu, anampelekea mtu kitu. Akiwa na jembe, anakwenda shamba la mbali. Jumapili ana kitabu cha nyimbo. Mikono mitupu na miguu ya haraka ni habari ya kifo. Wale wanawake walikuwa wameleta ndizi za msiba.

Usiku huo Mama alivua saa akaiweka mezani karibu na taa.

"Umenifanya niwaitie watu msiba," akasema. "Sitembei tena hivyo."

"Mama, ni miezi mitatu tu."

"Vaa wewe. Wewe ndiye umepewa miguu ya kutembea bila sababu."

Niliivaa kwa siku moja, ili dada asiulize. Ndivyo nilivyojiambia. Siku ya pili nilijiambia hivyohivyo. Ukanda wake ulikuwa na matundu mengi, ukanitosha vizuri.

Sikatai kwamba mwanzoni nilifurahia. Nilitaka kujua saa inajuaje. Nilisoma kwenye ile simu, polepole, kwa Kiingereza changu cha darasa la sita, kwamba damu humeza mwanga wa kijani, na kila moyo unaposukuma damu, mwanga unaorudi hupungua kidogo, na saa inahesabu kupungua huko. Nikataka kuona kama inaweza kudanganyika. Nikaifunga kwenye shina la mgomba mchanga, nikasubiri. Ilifikiri kidogo, ikaandika sabini na moja. Nilimwita Mama aje aone mgomba wenye moyo. Akauliza kama una presha.

Ningeweza kuuacha mgomba uwe mama yangu kwa moyo, lakini mgomba hautembei. Kwa hiyo nilitembea mimi. Sikuweza kwenda mbali kwa sababu Mama hakupaswa kuachwa peke yake, wala sikuweza kwenda haraka, kwa sababu moyo ungeonyesha mwendo wa mwanamume wa miaka thelathini na minane. Nilijifunza kutembea kizee. Asubuhi mzunguko wa kibanja kwa nje mara nne, kisha njia ya katikati ya mibuni mpaka kisimani na kurudi. Jioni mpaka barabarani. Usiku nililala nayo, maana dada alitazama na usingizi.

Mimi niliyewahi kupanda lori la matofali kwa sababu tu sikuijua barabara linakoelekea, nilianza kujua kila mzizi uliotokeza kwenye njia ya kisimani. Nilijua kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa mwisho wa baba mdogo ni hatua mia mbili na kumi na nne. Baada ya wiki kadhaa sikuhitaji kutazama, mwili ulikuwa unahesabu wenyewe. Hatua zikitimia elfu sita saa ilitetemeka mkononi na kuchora fataki ndogo za rangi, kama vile nimefika mahali. Nilikuwa nimefika mlangoni kwetu.

Mama alikuwa anameza dawa, akipika, akipalilia kidogo, akikaa. Nilimwona kila siku nikaamini yuko sawa. Mwezi wa pili ulipofika wakati wa kliniki, dada mwenyewe alisema tusijisumbue kwenda hadi mjini, namba ni nzuri. Sikumpinga. Mwezi wa tatu pia hatukwenda.

Miezi mitatu ilipotimia nilikuwa nimeshafunga begi. Dada akapiga.

"Mdogo wangu, sikujua kama unaweza," akasema. Alikuwa na furaha ya kweli, nami nilitaka ardhi inimeze. "Nimewaonyesha wenzangu ofisini. Hakuna siku hata moja iliyorukwa. Na moyo wake umetulia kama wa kijana."

"Basi nimemaliza."

"Umemaliza nini? Mtu anaacha kitu kinachofanya kazi? Huyo binti hataweza kumtembeza hivyo. Kaa mpaka Krismasi."

"Tulipatana."

"Tulipatana awe sawa. Sasa yuko sawa kwa sababu yako."

Nilikaa juu ya begi langu. Kisha nikapata akili ambayo siku ile niliiona kubwa: nikapunguza. Siku nne nilitembea hatua elfu mbili tu, muda uliobaki nikakaa nikitazama kuku. Siku ya tano simu ikalia alfajiri.

"Mama anaumwa?"

"Hapana. Amechoka tu."

"Amechoka? Basi usithubutu kwenda popote. Nitakuja mwezi wa kumi na mbili nione mwenyewe."

Baada ya hapo nilirudi kwenye elfu sita. Nikitembea sana, nisiondoke kwa kuwa nafanya vizuri. Nikitembea kidogo, nisiondoke kwa kuwa Mama ni mgonjwa. Na ukweli ulikuwa hauna mlango wa kutokea, kwa sababu nikiusema, ni nani atakayeniamini tena kwa lolote?

Mwenzangu wa Goziba alipiga mwezi mmoja na nusu baadaye. Wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa na kuanza upya giza likirudi, kwa kuwa samaki hufuata taa. Alisema injini mbili zimekufa, mwenye boti ananisubiri mimi. "Giza linaanza wiki mbili zijazo," akasema. "Ukichelewa nafasi atapewa mwingine. Au umeoa huko?"

"Sijaoa."

"Mbona unaongea kama mtu aliyeoa?"

Siku mbili baadaye baba mdogo akafa. Alikutwa asubuhi kitandani, amelala kwa upande, fimbo yake ukutani. Mama alipata habari akiwa anamenya ndizi. Aliweka kisu chini, akatoka mikono mitupu, mbiombio, akikata katikati ya migomba, na safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza. Nilimpigia dada simu kumweleza. Alilia, akasema hawezi kupata ruhusa kwa haraka hiyo, kisha akasema, "Mwangalie Mama. Na mimi nitamwangalia huku."

Nililisikia hilo neno, lakini likanipita.

Kukiwa na msiba kwetu majembe hutundikwa. Hakuna anayelima mpaka marehemu azikwe na siku za matanga zipite. Wanawake huingia ndani, nyumba ikatandikwa nyasi mpya zilizokatwa kwenye rweya, huko nje ya vibanja ambako hapalimwi, nao hukaa juu ya nyasi hizo, miguu imenyooshwa, siku nzima. Mama alikaa karibu na mjane. Sisi wanaume tulikuwa na kazi moja tu inayoruhusu jembe, kaburi. Baba mdogo alikuwa ameonyesha mahali zamani, nyuma ya nyumba, kati ya mibuni miwili.

Mimi ndiye mtoto wa kiume wa kaka yake niliyekuwepo. Nilivua koti, nikalitundika kwenye mbuni na simu mfukoni, sauti nimeizima, nikaingia shimoni. Chini ya udongo mwekundu kulikuwa na changarawe ngumu. Tulipokezana, lakini mimi sikutoka sana. Nilikuwa na deni la kutembea bila kwenda popote kwa miezi mitano, na ule ndio ulikuwa mzigo wa kwanza wa kweli mwili wangu kuupata. Nilipiga sululu mpaka nikasahau kila kitu, pamoja na kilichokuwa kwenye mkono wangu.

Karibu na saa sita mchana pikipiki iliingia uani kwa kasi isiyofaa msibani. Nyuma ya dereva alikuwa amekaa muuguzi mstaafu wa pale Kamachumu, mwanamke mnene mwenye miwani, amekumbatia kipimo cha presha kama mtu aliyebeba kuku. Niliyasikia yote kutoka shimoni, maana dirisha la chumba cha wanawake lilikuwa juu yetu.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Mgonjwa gani, waitu?" mwanamke mmoja akauliza. "Hapa kuna marehemu."

"Nimepigiwa simu na binti wa Dar es Salaam. Mama yake moyo unapasuka."

Kukawa na mnong'ono wa nyasi, watu wakisogea. Kisha sauti ya Mama, tulivu kabisa. "Mimi ndiye mama yake. Moyo wangu uko hapa."

Muuguzi alimshika mkono akahesabu kimya. Simu yake ilikuwa imefunguliwa sauti, na sauti ya dada yangu ikatoka dirishani, kavu kwa hofu.

"Umempata? Anapumua?"

"Anapumua, anaongea. Mapigo yake hayafiki themanini."

"Haiwezekani. Naona mia na sitini na moja hapa. Tangu saa nne! Nampigia mdogo wangu, hapokei. Na hatua, ametembea hatua elfu nane. Mbona mnamtembeza mtu mwenye msiba?"

"Elfu nane?" akasema mwanamke mwingine. "Huyu hajainuka hapa kwenye nyasi tangu asubuhi. Hata haja hajaenda."

Shimoni hakuna aliyekuwa anachimba tena. Mzee mmoja, rika la baba mdogo, alikuwa amekaa ukingoni miguu ikining'inia. Alitazama mkono wangu. Saa ilikuwa imejaa udongo, lakini mwanga wa kijani ulionekana pembeni ya ukanda. Akautazama, akageuka kutazama dirisha, akautazama tena.

"Kumbe," akasema polepole, "mama yako ndiye anayechimba."

Mtu alicheka, akajizuia, kicheko kikamtokea puani. Kilienda kwa mwingine. Msibani kicheko kikianza hakina pa kwenda, kinarudi kwa mwenyewe. Hata ndani nilisikia wanawake wakikohoa kikohozi cha uongo.

"Niitieni mwanangu," Mama akasema.

Nilipanda kutoka shimoni nikasimama chini ya dirisha, udongo mpaka kwenye nyusi. Muuguzi alinipa simu kupitia dirishani. Nilisikia dada anapumua. Yeye pia ni wa huku. Hakuna aliyehitaji kumweleza ni nani hukaa kwenye nyasi na ni nani huingia shimoni.

"Tangu lini?" akauliza.

"Siku ya pili."

"Ya wiki hii?"

"Ya kwanza kabisa, dada. Siku ya pili baada ya saa kufika."

Nilitegemea matusi, na ningeyapokea kwa faraja.

"Kwa hiyo mimi," akasema, "kila asubuhi kabla sijanawa uso, nilikuwa nakutazama wewe umelala."

Nilifuta udongo kwenye kioo cha saa.

"Na Mama sijui yukoje."

"Mimi ndiye niliyemwambia avae," Mama akasema kwa sauti kutoka ndani, akijua inasikika. "Usimgombeze. Baba yenu mdogo hajazikwa."

Lakini muuguzi alikuwa amekwisha kufunga kipimo kwenye mkono wa Mama. Alikijaza upepo, akasikiliza, akaacha upepo utoke, akajaza tena. Aliondoa miwani akanitazama mimi, wala hakumtazama Mama.

"Mapigo ni sawa," akasema. "Presha siyo. Mara ya mwisho kupimwa ilikuwa lini?"

Nilisema ukweli. Nilikuwa nimeuzoea tayari.

Tulizika saa kumi. Baada ya siku za matanga nilimpeleka Mama Bukoba, wakambadilishia dawa, daktari akasema ana bahati, na kwamba atembee. Njiani kurudi, tukiwa njia panda ya Kamachumu tunasubiri gari lijaze watu, nilivua saa nikaifuta udongo uliobaki kwenye mifereji ya ukanda. Nilimvalisha. Aliacha nimvalishe kama mtoto anayevalishwa kiatu.

Jibu la kutembea alilipata mwenyewe. Mjane wa baba mdogo yuko peke yake sasa, na kwetu mjane haachwi peke yake. Kila asubuhi Mama anachukua kikapu kidogo, anatia ndizi tatu au majani ya maboga, anakwenda kukaa naye. Haendi kwa kukata migombani, anazunguka kwa barabara ndogo. Hakuna anayeuliza nani amekufa. Kila anayekutana naye anapiga goti, wanasalimiana mpaka na mbuzi wanaulizwa hali, na saa inatetemeka ikimwambia asogee.

"Inasema nini?" huniuliza.

"Inasema umesimama sana."

"Iambie nasalimia."

Kwenda na kurudi ni hatua elfu moja na mia tatu. Zilizobaki tunazitafuta mchana. Natembea nyuma yake, kwa sababu kwenye kona ya mteremko huwa anayumba kidogo. Nimeona mara mbili. Katika miezi yote ile ya kuhesabu sikuwa nimeona hilo, kwa kuwa nilikuwa natembea peke yangu. Pale kwenye kona, kama hakuna ukungu, ziwa linaonekana lote chini. Goziba haionekani, iko mbali mno.

Jana giza la wavuvi lilianza. Leo asubuhi dada alipiga. Ameacha ile sauti ya ofisini, siku hizi anaongea taratibu.

"Nimeona jana alifika elfu mbili na mia moja," akasema. "Ni za kweli?"

"Ni za kweli. Nilikuwa nyuma yake."

"Yule mwenye boti bado anakusubiri?"

"Mpaka kesho kutwa."

"Nimepata binti. Anaweza kuja wiki ijayo, sina uhakika kama ni mwangalifu. Sikulazimishi tena. Utaondoka lini?"

Miezi mitano nilisubiri aniulize hivyo. Nilitazama mkono wangu. Pale saa ilipokuwa kumebaki mstari mweupe ambao jua halijaumaliza. Nje mlango wa ua ulilia, na nikaona kikapu kinapita dirishani, na kitambaa cha kichwa juu yake, kuelekea barabarani.

"Mama ameshatoka," nikasema. "Ngoja nimfuate, anakaribia kwenye kona."